Kuhifadhi video fupi kwenye simu: njia tano zikiwekwa bega kwa bega

Umeiona video, umeipenda, na unajua kesho ukiisaka hutaipata. Ukurasa wa video fupi hauna subira na mtu: ukigusa vibaya tu unajipanga upya, na ile uliyokuwa unaitazama sasa hivi imekwenda na maji. Hapo ndipo unapojiuliza: uiwekee alama, uipakue kwa kitufe cha programu, urekodi skrini, unakili linki ukaibandike kwenye tovuti uliyoelekezwa na rafiki, au usakinishe programu ya kupakulia? Kila njia ina watetezi wake, na kila mtetezi atakusifia yake mchana kutwa bila kukutajia kero zake.

Niseme mapema ninavyoona mimi: ukishajua video unaitakia nini, nusu ya uamuzi umekwisha. Kuna anayetaka kuitazama tena wiki ijayo, kuna anayetaka kumtumia mama yake, na kuna anayetaka ibaki kwake hata mwenye video akiifuta. Hawa watatu hawawezi kupewa jibu moja.

Vipimo tutakavyotumia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa: nakala inakaa wapi? Kama iko kwenye seva za mtandao husika, wewe umeshika funguo tu, nyumba ni ya mwingine. Vine, iliyokuwa na video za sekunde 6, ilifungwa Januari 2017. India iliipiga marufuku TikTok Juni 2020, na watumiaji wa huko wakaachana na kila walichokuwa wameweka alama humo. Hata mtandao wenyewe ukiwa mzima, video inaweza kubadilika ukiwa umelala. Mwishoni mwa Januari 2024 mkataba kati ya TikTok na kampuni ya muziki ya Universal uliisha, nyimbo zake zikaondolewa, na video chungu nzima zikabaki bubu mpaka pande hizo mbili zilipoelewana tena Mei mwaka huohuo.

Cha pili ni ubora: picha, sauti, na kama video inakuja na nembo iliyogandishwa juu yake.

Cha tatu ni bando na nafasi. Hesabu yake si ngumu. Video inayotiririka kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama megabaiti 15 kwa dakika. Ukiitazama mtandaoni mara kumi kwa siku tofauti, umetumia karibu megabaiti 150. Ukiipakua mara moja, umetumia 15 na basi, ila hizo 15 sasa zimekaa kwenye simu yako.

Cha nne ni usalama wa simu na akaunti zako. Cha tano ni ruhusa, maana video ina mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa Berne wa 1886, uliporekebishwa mwaka 1908, uliweka msingi kwamba hakimiliki haisubiri mtu ajisajili popote. Kazi ikishatengenezwa ina mwenyewe. Kuandika jina la mtengenezaji chini ya video uliyoipandisha upya ni adabu nzuri, lakini adabu hiyo haikupi ruhusa ambayo hukupewa.

1. Kuiweka alama ndani ya programu

Hiki ni kile kialama kidogo kando ya video. Instagram ilikileta Desemba 2016, TikTok ina Vipendwa, na YouTube ina orodha za kutazama baadaye.

*Nakala inakaa wapi.* Kwao. Mwenye video akiifuta, akiifanya ya faragha au akifunga akaunti, alama yako inabaki inaelekeza kwenye utupu. Ukipoteza akaunti yako, umepoteza makusanyo yote kwa mpigo mmoja.

*Ubora.* Uleule wa asili, kwa sababu unaitazama palepale ilipo. Hakuna nembo ya ziada, hakuna kubanwa mara ya pili.

*Bando na nafasi.* Nafasi haili kabisa. Bando ndilo linaloumia, maana kila utazamaji ni upakuaji mpya, isipokuwa pale simu inapokuwa bado imeishikilia video kwa muda. Wanaolipia YouTube Premium wanaweza kuhifadhi video na kuzitazama bila intaneti, lakini nakala hizo zimefungiwa ndani ya programu, hazionekani kwenye galari, na simu inapaswa kuunganishwa na mtandao angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hazifunguki.

*Usalama na ruhusa.* Hapa huna la kuogopa. Hujachukua chochote na hujampa mtu yeyote chochote.

*Inamfaa nani.* Anayekusanya mawazo: mitindo ya nywele, mazoezi, namna ya kupanga chumba. Pia mwenye simu iliyojaa pomoni. Na nitoe ushauri ambao wengi huupuuza: tengeneza mafolda tangu mwanzo. Mtu mwenye video 800 zilizowekwa alama kwenye rundo moja hana tofauti na asiyeweka kabisa, kwa sababu hatazipata.

2. Kitufe cha kupakua cha programu yenyewe

Kwenye TikTok unagusa mshale wa kushiriki, kisha Hifadhi video. Instagram iliruhusu kupakua Reels (video zake fupi) za akaunti za wazi kwanza Marekani, katikati ya 2023, halafu kwingineko duniani mwishoni mwa mwaka huo. Kwa YouTube Shorts za watu wengine, usitarajie kitufe cha bure kitakachokupa faili kwenye galari.

*Nakala inakaa wapi.* Kwenye simu yako, kama faili la kawaida la MP4. Mwenyewe akifuta ya kwake, yako inabaki.

*Ubora.* Picha ni nzuri, ila inakuja na nembo ya mtandao pamoja na jina la mtengenezaji. Kwa TikTok nembo hiyo inahamahama kutoka kona moja hadi nyingine, na mwishoni kinaongezwa kipande kifupi chenye nembo kubwa. Wengi huilalamikia. Mimi naona kwa mtu anayemtumia ndugu yake video ya kuchekesha, nembo hiyo ni faida: jina la mtengenezaji linasafiri na kazi yake popote inapokwenda. Inakuwa kero kwa anayetaka kuipandisha upya mahali pengine, na kero hiyo ni ya makusudi. Februari 2021 Instagram ilitangaza kwamba Reels zenye nembo ya programu nyingine hazitapendekezwa sana kwa watazamaji.

Kwa video zako mwenyewe kuna mtego mwingine. Ukihifadhi Reel yako uliyoiwekea wimbo kutoka maktaba ya Instagram, inaweza kukujia bila ule wimbo, kwa kuwa leseni ya muziki huo inaishia ndani ya mtandao. Ndiyo maana wazoefu huhariri video nje, wakaweka nakala safi kwenye simu, ndipo wakapandisha.

*Bando na nafasi.* Unalipa mara moja. Faili linabaki na ukubwa wa wastani kwa sababu mtandao umeshalibana vizuri.

*Usalama.* Hakuna mtu wa tatu anayeingia katikati.

*Ruhusa.* Huu ndio uzuri wake mkubwa. Kitufe kikionekana, maana yake mwenye video hakukizima. Kisipoonekana, kuna sababu: ama mwenye akaunti amezuia, ama umri wake. Tangu Januari 2021 TikTok hairuhusu video za walio chini ya miaka 16 kupakuliwa na wengine, na kwa wa miaka 16 na 17 kitufe huwa kimezimwa mpaka wao wenyewe wakiwashe. Kwa hiyo kabla hujakimbilia njia ya pembeni kwa hasira, jiulize kwanza kitufe hakipo kwa nini.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu, kwa matumizi ya kawaida. Asiyefaa ni yule anayehitaji picha isiyo na nembo kwa sababu halali, kwa mfano mwalimu aliyeruhusiwa na mtengenezaji kuionyesha darasani. Huyo afanye jambo rahisi kuliko yote: amwombe mwenyewe faili la asili.

3. Kurekodi skrini

iPhone zilipata uwezo huu kwa iOS 11 mwaka 2017. Upande wa Android ulikuja rasmi kwa toleo la 11 mwaka 2020, ingawa baadhi ya watengenezaji wa simu walikuwa wameshauweka wao wenyewe kabla ya hapo.

*Nakala inakaa wapi.* Kwenye galari yako, na haitegemei mtu yeyote.

*Ubora.* Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, mara nyingi bila sababu ya msingi. Ni kweli kwamba unarekodi picha iliyokwisha kubanwa, na inabanwa tena. Ni kweli pia kwamba moyo, idadi ya maoni, jina na maelezo vyote vinaingia kwenye rekodi. Lakini kinachoharibu rekodi nyingi ni uzembe wa dakika ya mwisho. Saa na betri vinaonekana juu. Katikati ya video inashuka arifa ya ujumbe, na jina la aliyekutumia pamoja na maneno yake ya kwanza vinabaki humo milele. Ukimtumia mtu rekodi hiyo, umemtumia na mazungumzo yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Iache video icheze mpaka mwisho mara moja ili ipakiwe yote, maana intaneti ikisuasua katikati, rekodi nayo itasuasua. Washa hali ya kutosumbuliwa. Kagua sauti: kwenye iPhone, bonyeza kitufe cha kurekodi kwa muda mrefu uone kama maikrofoni imezimwa, kwenye Android, chagua sauti ya kifaa badala ya maikrofoni, la sivyo utarekodi na mlango unaofungwa nyuma yako. Pandisha mwangaza ukitaka, haibadilishi chochote kwenye rekodi. Kinachobadilisha ni kushika simu isigeuke upande. Anza kurekodi, iache video izunguke mara mbili, simamisha. Halafu ingia kwenye galari ukate mwanzo na mwisho, na kama programu yako ya picha inaruhusu, punguza kingo ili vialama vya pembeni vitoke. Kwa video ya sekunde 30 kazi yote haifiki dakika tatu.

*Bando na nafasi.* Bando ni la kutazama tu. Nafasi ndiyo inayoliwa: rekodi ya skrini mara nyingi ni nzito kuliko faili la asili la video ileile, kwa kuwa simu inabana kwa haraka bila ustadi wa seva za mtandao.

*Usalama.* Uko sawa na njia ya pili. Huendi tovuti yoyote, husakinishi chochote.

*Ruhusa.* Kitaalamu unaweza kurekodi karibu kila kinachoonekana, na hapo ndipo dhamira inapoingia. Programu chache huzuia, skrini ikawa nyeusi kwenye rekodi. Snapchat humjulisha mwenzako ukirekodi alichokutumia. Reels na video za TikTok hazitoi taarifa hiyo kwa mwenyewe, jambo ambalo halina maana kwamba angekubali.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji kipande cha sekunde chache tu, anayetaka kuonyesha video pamoja na maoni na jina la akaunti, na yule ambaye simu yake haina nafasi ya kusakinisha lolote. Hamfai anayehitaji ubora wa kuhariri.

4. Tovuti za kubandika linki

Unanakili linki ya video, unaibandika kwenye kisanduku, unagusa Pakua. Nyuma ya pazia, seva ya tovuti inalifuata faili lilelile ambalo programu hukutiririshia na kukukabidhi. Ndiyo sababu video ya TikTok iliyopitia huko mara nyingi haina nembo: nembo hubandikwa kwenye nakala ya kupakua, na tovuti hizi huchukua ile ya kutazama.

*Nakala inakaa wapi.* Kwako, ila si lazima kwenye galari. Kwenye Android tafuta folda ya vipakuliwa. Kwenye iPhone, tangu iOS 13 ya 2019, Safari huweka faili kwenye programu ya Faili. Lazima uingie huko, uguse kushiriki, kisha uchague kuhifadhi video, ndipo itokee kwenye Picha. Nusu ya wanaolalamika kwamba "haikupakua" video zao ziko hapo, zimelala.

*Ubora.* Ukipata tovuti nzuri, hakuna njia ya simu inayoishinda. Ukipata mbovu, unapewa nakala iliyofifia, au picha bila sauti, kwa sababu baadhi ya mitandao huhifadhi picha na sauti mafungu mawili na tovuti imeshindwa kuyaunganisha.

*Bando na nafasi.* Sawa na njia ya pili, ukiongeza uzito wa matangazo yanayofunguka kabla hujafika.

*Usalama.* Tuketi hapa kidogo. Ukurasa wa tovuti kama hii, ukiufungua kwenye simu, una vitufe vitatu vya kijani vilivyoandikwa Pakua. Vikubwa viwili ni matangazo. Cha kweli ni kidogo, kimekaa chini ya kijipicha cha video yako. Ukigusa kikubwa, unafunguliwa ukurasa mpya unaosema simu yako ina virusi 5, ama unaombwa kuruhusu arifa ili "uthibitishe kwamba wewe si roboti". Ukiruhusu, kuanzia usiku huo simu italia kwa matangazo ambayo hujui yanatoka wapi. (Yanatoka kwenye kivinjari: ingia mipangilio yake, sehemu ya arifa, uiondoe tovuti hiyo.)

Kanuni zangu kwa njia hii hazina mjadala. Faili lazima liishie na .mp4, likiishia na .apk (faili la kusakinisha programu ya Android), funga ukurasa. Tovuti ikiomba uingie kwa akaunti yako ya Instagram au TikTok, funga ukurasa. Ikidai inaweza kukupakulia video za akaunti ya faragha, funga kwa haraka zaidi, kwa sababu inachotafuta ni nenosiri lako. Na usitafute jina la tovuti upya kila mara kwenye injini ya utafutaji: tovuti hizi hubadilisha anwani mara kwa mara, na waigaji wenye jina linalofanana husubiri hapohapo juu ya matokeo.

*Ruhusa.* Hapa uko nje ya masharti ya mitandao mingi. YouTube, kwa mfano, inasema wazi kwenye masharti yake kwamba hutapakua maudhui isipokuwa pale huduma yenyewe imekuruhusu. Kwa video yako mwenyewe iliyopotea kwenye simu ya zamani, dhamira yako haitasumbuka sana. Kwa ya mtu mwingine, kutazama nyumbani ni jambo moja, kuipandisha kwenye ukurasa wako bila nembo na bila idhini ni jambo jingine kabisa.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji video mojamoja kwa nadra, mwenye jicho kali, na mwenye kivinjari kinachozuia matangazo. Simshauri mtu anayemwelekeza mzazi wake ambaye hugusa kila kinachong'aa.

5. Programu za kupakulia

*Nakala inakaa wapi, na ubora.* Sawa na tovuti, na nyingine hupakua video nyingi kwa mkupuo.

*Bando na nafasi.* Ongeza nafasi ya programu yenyewe, na baadhi huendelea kula bando hata zisipotumika.

*Usalama.* Hapa natofautisha. Google Play hairuhusu programu zinazowapa watumiaji nakala za kazi zenye hakimiliki bila idhini, kwa hiyo nyingi husambazwa nje ya duka, kama faili la APK linalopita mkono kwa mkono. Huna namna rahisi ya kujua kama nakala uliyopewa ndiyo ile iliyotengenezwa au imetiwa kitu njiani. Ukiamua kusakinisha, soma orodha ya ruhusa kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Programu ya kupakua video inahitaji kuandika kwenye hifadhi, basi. Ikitaka anwani za simu, ujumbe mfupi, au ule uwezo wa ufikivu unaosoma kila kilicho kwenye skrini, inatafuta kitu kingine.

Upande wa pili kuna zana za kompyuta ambazo chanzo chake kiko wazi kwa yeyote kukikagua. Maarufu ni yt-dlp, iliyotokana na youtube-dl iliyoanza 2006. Hazina matangazo wala vitufe vya kijani, unaandika amri. Oktoba 2020 chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani kiliifanya GitHub, tovuti inayohifadhi misimbo ya programu, iiondoe youtube-dl, na mwezi uliofuata GitHub ikairudisha. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha jinsi mpaka wa sheria kwenye jambo hili usivyo mstari ulionyooka.

*Ruhusa.* Yaleyale ya njia ya nne.

*Inamfaa nani.* Programu za simu: mtu anayejua anachofanya, kwenye simu isiyo na huduma zake za benki. Zana za kompyuta: mtafiti, mhifadhi wa kumbukumbu, au mtengenezaji anayetaka kuchota video zake 300 kabla hajahama mtandao.

Video ikishafika kwenye simu

Watu huhangaika kupata ubora wa juu, kisha wanauharibu kwa mguso mmoja. Ukituma video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa. Tangu Agosti 2023 unaweza kuchagua HD. Ukitaka ifike bila kuguswa, itume kama hati, mpaka gigabaiti 2. Kwa hali za WhatsApp, zinazodumu saa 24, Android huziweka zile ulizokwisha kuzitazama kwenye folda iliyofichwa iitwayo .Statuses, kidhibiti cha mafaili kinachoonyesha mafaili yaliyofichwa kinatosha kuinakili, huhitaji programu ya ziada. Ila mtu aliyeweka kitu cha kudumu siku moja alikuwa na maana yake.

Usiamini pia kwamba kila kilichopakuliwa kinahifadhiwa winguni. Programu ya Picha kwenye Google (Google Photos) kwa kawaida huchukua folda ya kamera tu. Folda ya vipakuliwa lazima uiwashe mwenyewe. Na tangu Juni 2021 kila unachopandisha kinahesabiwa kwenye gigabaiti 15 za bure, wakati iCloud ya Apple hutoa 5.

Kwa hali yako

Ukitaka kuitazama tena tu, na una intaneti ya uhakika, weka alama kwenye folda yenye jina. Bando likiwa la kupima kwa kijiko, pakua kwa kitufe cha programu ukiwa kwenye Wi-Fi, uitazame utakavyo.

Unamtumia mtu? Kama naye ana programu hiyo, linki inatosha na mtengenezaji anapata hesabu ya mtazamaji. Kama hana, kitufe cha programu, na uiache nembo yake.

Kitufe hakipo na unahitaji sekunde chache kwa kujifunza mwenyewe: rekodi skrini, arifa zikiwa zimezimwa. Unataka kuitumia kwenye kazi yako, ya biashara au ya darasani: mwandikie mwenye video ujumbe. Wengi hujibu, na faili watakalokupa ni safi kuliko lolote utakalopata kwa linki.

Video ikiwa ni ushahidi, mathalani ya vitisho au utapeli, tumia njia mbili kwa pamoja. Rekodi skrini ukianzia kwenye ukurasa wa akaunti ili jina na tarehe vionekane, kisha hifadhi faili lenyewe kando na linki yake ikiwa imenakiliwa kwenye maandishi. Usikate wala usihariri nakala hiyo, na usiisambaze kwenye makundi.

Na kama video ni zako na unafikiria kufunga akaunti, usizipakue mojamoja. Instagram na TikTok zote zina sehemu ya kuomba nakala ya data zako ndani ya mipangilio. Iombe kabla ya kufunga, na siku utakapoarifiwa kwamba iko tayari, ipakue siku hiyohiyo, kwa kuwa linki yake huisha muda baada ya siku chache.